MASHINE YA KUSIKIA: NANI ATALIPA, NA ATALIPA NINI?

Ndugu wazazi na wazee wetu,

Tunapotembelea nyumba za kambi yetu hapa Uganda, sisi wahudumu wa jamii tunaulizwa mara nyingi: "Mtoto wangu hasikii. Je, bima inaweza kumnunulia mashine ya masikio?" Leo tujibu swali hili.

Kwanza sikio lipimwe

Si kila asiyesikia anahitaji mashine. Huenda sikio limezibwa na nta, au linatoa usaha. Hayo hutibiwa. Anzia kituo cha afya, na usitie mafuta wala njiti sikioni. Tatizo likiendelea, omba barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa masikio, kama ile ya Mbarara. Bila karatasi ya kipimo cha kusikia, hakuna ofisi itakayoweza kushughulikia ombi lako.

Je, kuna bima?

Wenye ndugu Marekani husikia kwamba huko bima inalipa. Ni kweli kwa watoto: Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia mashine za walio chini ya miaka 21 wanaozihitaji. Lakini Medicare ya kawaida, bima ya wazee wa huko huko, hailipi mashine za kusikia. Kwa hiyo hata penye bima, lazima kuuliza inalipa nini.

Hapa Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, lakini haukusainiwa kuwa sheria. Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Hata hivyo, kutibiwa bure si sawa na kupewa mashine bure. Kwa walio wengi kambini, njia iliyobaki ni msaada.

Jinsi ya kuomba msaada

1. Peleka karatasi ya kipimo kwenye dawati la watu wenye ulemavu. Hakikisha tatizo la kusikia limeandikwa katika kumbukumbu za familia yako.

2. Usitegemee kamati ya rufaa za matibabu peke yake. Kamati hiyo huangalia gharama, matumaini ya kupona na hatari ya kifo. Mashine ya kusikia haiokoi mtu anayekufa, hivyo mara nyingi hubaki nyuma. Omba pia kupitia huduma za ulemavu na za elimu.

3. Eleza mtoto anapoteza nini: hamsikii mwalimu, anarudia darasa, hasikii pikipiki barabarani. Maneno haya yana uzito kuliko "naomba msaada."

4. Usimpe mtu pesa ili akuandike jina. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure.

Mashine peke yake haitoshi

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Nilimsaidia mama mmoja kuandika barua kwa ajili ya binti yake. Tuliomba mashine mbili tu, na zikaja. Siku ya kwanza mtoto aligeuka alipoitwa kutoka nyuma, na mama akalia kwa furaha. Wiki chache baadaye betri zikaisha. Hatukuwa tumeomba betri, na dukani kambini hazipo. Mashine zikawekwa ndani ya mkebe, na mtoto akarudi kukaa kimya darasani. Tulianza barua upya.

Tupige hesabu. Betri moja hudumu wiki moja hadi mbili. Ikidumu wiki moja, sikio moja linataka betri 52 kwa mwaka, na masikio mawili 104. Kipande kinachoingia sikioni nacho hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo kabla ya kupokea mashine, uliza:

- Nani atatoa betri, na kwa muda gani?
- Ni namba gani? Namba 13 ina kibandiko cha rangi ya machungwa, 675 cha bluu.
- Nani atalipia kipande cha sikio mtoto akikua?
- Ikiharibika, itatengenezwa wapi, na nauli ni ya nani?
- Je, ipo ya kuchaji? Hiyo huwafaa wenye sola nyumbani.

Majibu yaandikwe kwenye barua.

Kumbuka: usibandue kibandiko cha betri kabla ya siku ya kuitumia, kwa maana huanza kuisha papo hapo. Weka betri mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza moja, mkimbize hospitali mara moja.

Wahenga walisema, asiyeuliza hana ajifunzalo. Wewe mzazi uliza mapema, kabla mashine haijalala mkebeni. Nasi tupo kukusaidia kuandika.

Mhudumu wako wa jamii