Taarifa za Mwananchi Hupelekwa Wapi? Umuhimu wa Kuorodhesha Webuhuku

Mkazi wa kata anapofika ofisi ya mtendaji kueleza kuwa taka za soko hazijazolewa kwa wiki nzima, maelezo yake hayaishii tena katika daftari pekee. Katika halmashauri zinazotumia mifumo ya kidijiti ya kusimamia kazi, maelezo hayo huingizwa kama kazi yenye namba, mahali, jina la mtoa taarifa na simu yake, kisha hukabidhiwa afisa anayehusika. Safari ya taarifa hizo baada ya hapo hufahamika kwa watu wachache.

Tarishi asiyeonekana

Mifumo hiyo ina uwezo wa kupeleka taarifa kwenye mfumo mwingine yenyewe, pasipo mtumishi kubonyeza chochote. Njia hiyo huitwa webuhuku, neno lililobuniwa na mtayarishaji programu Jeff Lindsay mwaka 2007. Ni rahisi kuielewa kwa kumfikiria tarishi wa ofisi. Amepewa anwani moja na agizo moja: kila kazi mpya inapoandikwa, au hali ya kazi inapobadilika, apeleke habari papo hapo. Kwa msaada wake, mtoa taarifa anaweza kupata ujumbe mfupi wa simu kwamba taka zimekwisha kuzolewa.

Tarishi huyo hachoki wala hastaafu. Mradi ukimalizika, mzabuni akibadilishwa au mtumishi akihama, yeye anaweza kuendelea kupeleka mzigo kwenye anwani ile ile. Anayekuta mlango umefungwa hugundulika mapema. Katika mfumo wa Asana, kwa mfano, webuhuku inayoshindwa kufikisha taarifa kwa saa 24 hufutwa na mfumo wenyewe. Hatari zaidi ni yule anayefika salama kila siku kwenye nyumba ambayo ofisi haina tena shughuli nayo. Hakuna kengele inayolia, kwa kuwa mbele ya mfumo kila kitu kinakwenda sawa, ilhali taarifa za wananchi zinaendelea kutoka.

Orodha kwa msaada wa akili unde

Hatua ya kwanza ya kinga ni kuwa na orodha. Kwa kawaida, kuipata kulihitaji mtaalamu wa TEHAMA kuandika amri za kiprogramu. Sasa kazi hiyo inaweza kufanywa na wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida na kulitekeleza kwa kutumia zana ilizoruhusiwa. Afisa huandika, "Nionyeshe webuhuku za eneo letu la kazi." Wakala huita zana ya kuorodhesha, mfumo hujibu, na majibu hupangwa katika jedwali: anwani inayopelekewa taarifa, sehemu ya kazi inayohusika, na kama webuhuku bado iko hai. Katika Asana huonekana pia wakati taarifa zilipofika mara ya mwisho.

Hata hivyo, wepesi huo una masharti yake.

Kwanza, orodha huonyesha kile tu ambacho akaunti iliyotumika inaruhusiwa kuona. ClickUp hurudisha webuhuku zilizowekwa na mtumiaji yule yule anayeuliza. Asana hurudisha zile zilizosajiliwa na programu inayouliza kwa niaba ya mtumiaji huyo. Kwa hiyo jibu la "hakuna webuhuku" laweza kumaanisha kwamba muulizaji hakuweka yoyote, huku zilizowekwa na mwenzake aliyehama zikiendelea kufanya kazi. Orodha kamili hupatikana kwa kuuliza kupitia kila akaunti na kila programu iliyounganishwa, na mtumishi anayehama hukabidhi webuhuku zake kama anavyokabidhi mafaili na funguo.

Pili, jibu la mfumo linaweza kubeba siri. Katika ClickUp, kila webuhuku huorodheshwa pamoja na neno la siri linalotumika kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwenye mfumo halisi. Neno hilo halipaswi kunakiliwa kwenye ripoti wala kutumwa katika makundi ya simu.

Tatu, wakala hupewa ruhusa ya kusoma tu. Akili unde inaweza kukosea katika muhtasari, hivyo jedwali hulinganishwa na jibu halisi la mfumo. Uamuzi wa kufuta hubaki kwa afisa anayewajibika, kwa sababu webuhuku inayodhaniwa kuwa ya zamani yaweza kuwa ndiyo inayowapelekea wananchi majibu ya malalamiko yao.

Kwa kila mstari wa orodha, maswali ni yale yale: anwani hii ni ya nani? Inapokea nini? Nani aliidhinisha? Mstari usio na mwenyewe ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Haki ya mwananchi

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zilindwe. Inampa mwananchi haki ya kufahamu taarifa zake zinatumikaje na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wananchi wanahimizwa kuendelea kutoa taarifa za huduma katika ofisi za kata, na wasisite kuuliza namba zao za simu zitatumika kwa kazi gani na zitafika kwa nani. Ofisi yenye orodha iliyo kamili itakuwa na jibu.