Kitagalog cha kuanzia: maneno ya kwanza kwa anayekutana na Wafilipino

Kwa nini redio ya huku kwetu iandike juu ya lugha ya Ufilipino? Jibu liko katika safari zetu wenyewe. Wafanyabiashara wa Butembo, Goma na Bukavu wanaoenda Dubai kuchukua mali wanajua vile inakuwaga: unaingia katika duka kule Deira, na anayekupokea mara nyingi si Mwarabu, ni Mfilipino. Kijana wetu aliyepata kazi ya hoteli katika nchi za Ghuba anakuta mwenzake wa chumba ni Mfilipino, na pengine mkubwa wake jikoni pia. Akiugua, huenda muuguzi anayemchoma sindano naye ni Mfilipino.

Watu hao wanasema Kiingereza. Lakini Kiingereza cha wengi wetu ni cha kubahatisha, sababu tumesoma kwa Kifaransa. Hakuna anayekudai useme lugha yao. Ila mgeni anayefika na maneno kumi ya Kitagalog mdomoni, hasa yale ya heshima, anapokewa kwa namna nyingine kabisa. Mwenye kusema Kiswahili anaanza na bahati nzuri, kama mutakavyoona.

Kitagalog ni lugha ya watu wa Manila na sehemu zinazouzunguka mji huo. Ufilipino una visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya mia moja, kwa hiyo si kila Mfilipino amenyonya Kitagalog kwa mama yake. Mwaka 1937 rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog, na katiba ya mwaka 1987 inaiita Kifilipino. Mtu wa Cebu au wa Ilocos ana lugha yake ya nyumbani, lakini Kifilipino amekisoma shuleni. Ni kama Mushi na Munande wanavyokutana katika Kiswahili.

Kitagalog si ndugu wa Kiswahili. Ndugu yake aliye karibu na Afrika ni Kimalagasi cha Madagaska: saba kwa Kitagalog ni « pito », kule Madagaska ni « fito ». Hata hivyo kuna maneno ambayo masikio yetu yatayatambua. « Salamat » maana yake asante. Asili yake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupatia « salama », ila lilifika Ufilipino kupitia kwa Wamalay. « Hukom » ni hakimu. Wahispania walitawala kule tangu 1565 mpaka 1898 na kuacha « lamesa », yaani meza, « sabon », yaani sabuni, na « sapatos », yaani viatu. Anayejua Lingala atacheka hapo: sapato!

Kusoma pia si taabu. Vokali ni tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa kama zetu. Herufi « ng » inasomwa kama katika ng'ombe, hata mwanzoni mwa neno: « ngayon », sasa, ni ng'ayon. Neno dogo « mga », linaloonyesha wingi, linaandikwa hivyo lakini linasomwa mang'a. Shida iko kwenye mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, siku zote. Wao wanauhamisha, na maana inahama nao: « búhay » ni maisha, « buháy » ni mtu aliye hai. Alama hizo huwezi kuziona katika maandishi ya kawaida, lazima usikie mwenyewe.

Sasa tuje kwenye neno ambalo ningekuomba ulishike kabla ya mengine yote: « po ». Ni neno dogo, halitafsiriki peke yake, linawekwa ndani ya sentensi kuonyesha heshima. « Salamat » ni asante kwa rafiki. « Salamat po » ni asante kwa mukubwa, kwa mteja, kwa mtu usiyemjua. Ndiyo ni « oo », inasemwa kwa kukata pumzi kidogo katikati, lakini kwa mukubwa ni « opo ». Mtoto aliyelelewa vizuri hamjibu mama yake « oo ». Na kama vile Kifaransa kina « tu » na « vous », wao wana « ka » kwa rika lako na « kayo » kwa mtu wa kuheshimiwa, ingawa yuko peke yake. Kwa hiyo « Kumusta ka? » ni ya mwenzako, na « Kumusta po kayo? » ni ya mzee au bosi. Jibu ni « Mabuti po », niko muzuri. Usimwambie mtoto « po », atadhani unamtania.

Pamoja na « po » yanatembea majina ya ukoo. Mfilipino, kama sisi, haoni vizuri kumwita mtu aliyemzidi umri kwa jina tupu. Mwanamke aliyekupita kidogo ni « ate », isomwe kama ilivyoandikwa, a-te, yaani dada mkubwa. Mwanaume ni « kuya », kaka mkubwa. Hapa jihadhari na kichekesho: kwetu ukisema « kuya! » unamwambia mtu asogee. Ukimwita muuzaji « Kuya! » atageuka na kuja, kumbe yeye amesikia « kaka ». Kwa wenye umri wa wazazi wako kuna « nanay » kwa mama na « tatay » kwa baba. Kwa wazee kabisa, « lola » ni tate mwanamuke na « lolo » ni tate mwanaume. Si lazima muwe na damu moja. Mama wa Kadutu anayeitwa « mama » na kila mteja sokoni hahitaji kuelezwa jambo hilo.

Salamu zinafuata saa za siku: « magandang umaga po » asubui, « magandang tanghali po » saa sita ya mchana, « magandang hapon po » kisha, na « magandang gabi po » usiku. Ndiyo, « maganda » kwao ni nzuri, si yale ya ndizi tunayotupa. Usishangae pia mtu akikuuliza « Kumain ka na? », umekula? Mara nyingi hiyo ni salamu tu, na « opo, salamat po » inatosha. Kujitambulisha: « Ako po si Furaha », mimi ni Furaha. Kwao « ako » ni mimi, si yule tunayemtafuta kwa « ako wapi? ». « Taga-Congo po ako », mimi ni mutu wa Congo. Hiyo « taga » inafanya kazi ya « mu » yetu katika Mukongomani.

Dukani, maneno mawili yanabeba karibu kila kitu. « Meron » ni iko. « Wala » ni hakuna. « Meron po ba? », iko? « Wala po », hakuna. Sisi tuna « wala » yetu ya kukanusha, kwa hiyo hilo halitakupotea. Bei unaiuliza « Magkano po ito? », hii ni bei gani? Ukiona ni kubwa sema « Ang mahal po! », na hapa wenye Kifaransa wataelewa haraka, maana « mahal » ni kama « cher »: ni kitu cha bei kali, na pia ni mpendwa. Kisha unaomba apunguze: « Wala na po bang tawad? » Sikuahidi kwamba atapunguza. Katika maduka makubwa bei imeandikwa na muuzaji hana ruhusa. Lakini atacheka, na huenda akakuonyesha mali nyingine ya bei nafuu ambayo hakuwa ameitaja.

Neno la kukataa ni « hindi ». Kule Ghuba linaleta mkanganyiko, sababu kuna pia Kihindi cha Wahindi. Mfilipino akikwambia « hindi po », hazungumzii India, amesema apana. Ila ujue kwamba mara nyingi hatasema apana uso kwa uso. Atasema « siguro », labda, akitabasamu. Ukipewa « siguro » juu ya mzigo wako utakaofika kesho, usipange lori bado.

Na saa! Hapa ndipo kazi inaweza kupotea. Wafilipino wanataja saa kwa maneno ya Kihispania, na wanahesabu kama Wazungu, kuanzia usiku wa manane. « Alas tres ng hapon » ni saa tisa ya mchana kwetu. Mkubwa wako akikwambia uje « alas sais ng umaga », sikio la Mswahili linasikia sita, na kichwa kinasema: vema, saa sita. Alitaka ufike saa kumi na mbili asubui. Utafika umechelewa saa sita nzima, siku ya kwanza ya kazi. Ongeza sita kila mara, au muombe akuandikie kwenye telefone.

Kuna kitu kimoja ambacho Kiswahili hakitakusaidia. Sisi tunasema « sisi » basi. Wao wana sisi mbili: « tayo » ni mimi, wenzangu na wewe ninayesema nawe, « kami » ni mimi na wenzangu, wewe ukiwa nje. Wenzako wa chumba wakisema « Kakain tayo », chakula kinakuhusu, sogea. Wakisema « Kakain kami », wanakuarifu tu. Upande wa pili kuna nafuu: « siya » ni yeye, mwanaume au mwanamke, sawa na kwetu. Ndiyo maana Mfilipino akisema Kiingereza anamgeuza bwana kuwa bibi bila kujua, kosa ambalo sisi pia tunalifanya katika Kifaransa.

Mumeona « kumain » na « kakain »? Mzizi ni « kain », kula. « Kumain » ni amekula, « kumakain » anakula, « kakain » atakula. Silabi ya kwanza ikirudiwa, tendo halijaisha. Sisi tunabadilisha katikati, me, na, ta. Wao wanabadilisha kichwa cha neno. Kwa anayeanza hiyo inatosha.

Kwa chakula, watu wa mchele tutapatana. Shambani ni « palay », mpunga. Dukani ni « bigas », mchele. Kwenye sahani ni « kanin », wali. Wengi wetu tunasema muchele tu, umepikwa haujapikwa. Kule ukiomba « bigas » mezani, watakuangalia. Maji ni « tubig ».

Mwisho, ya hospitali, ambayo ni heri kuyajua bila kuyahitaji. Muuguzi atauliza « Saan masakit? », inauma wapi? Wewe sema « Masakit po ang » kisha sehemu: « ulo ko », kichwa changu, « tiyan ko », tumbo langu, « dibdib ko », kifua changu. Dawa ni « gamot ». Ukiwa hatarini, piga kelele « Tulong! », nisaidieni.

Na ukishawasalimu kwa lugha yao watadhani unaijua, watakumwagia maneno kama mvua ya Masisi. Hapo sema « Dahan-dahan lang po », polepole tu, tafazali. Nao wanarudia neno mara mbili, kama sisi.