Wanahama na Watoto, Wanahama na Shule

Kusafiri na mtoto mdogo ni kazi. Kila mama anajua hivyo. Mtoto analia njaa, analia usingizi, jua linampiga, na mzigo bado uko kichwani. Sasa fikiri, ndugu msomaji, safari ya kilomita 400 au zaidi, kwa miguu, pamoja na watoto wote, mbuzi wote, na nyumba yenyewe imepakiwa mgongoni mwa ngamia. Tena si mara moja katika maisha. Ni mara mbili kila mwaka.

Watu waliozoea safari hiyo wako Iran, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Uajemi. Lugha ya serikali huko ni Kiajemi. Upande wa kusini kuna mji wa Shiraz. Jina hilo si geni kwetu, maana Washirazi wa Unguja, Pemba na Kilwa husimulia kwamba baadhi ya wazee wao walitoka huko. Lakini leo hatuzungumzi habari za majahazi. Tunazungumza habari za wafugaji waitwao Wakashkai, ambao njia yao ya kuhama inapita karibu na Shiraz.

Kwa nini wanahama? Nchi yao ina milima mirefu ya Zagros. Majira ya baridi yakifika, maji huganda huko juu na theluji huanguka. Theluji ni barafu laini inayoanguka kama pamba na kufunika majani yote. Mbuzi akibaki huko, amekufa. Kwa hiyo kabla ya baridi wanashuka nchi ya chini, upande wa Ghuba ya Uajemi. Baridi ikiisha, karibu mwezi wa Machi au Aprili, nchi ya chini inaanza kuwaka joto na majani yanakauka. Ndipo wanapanda tena. Basi usidhani wanatangatanga ovyo. Njia inajulikana, na visima vinajulikana. Zamani wakuu wa kabila walipanga kabisa ukoo gani upite lini, ili makundi yasigombanie malisho.

Siku ya safari wanaamka kabla ya mapambazuko. Wanawake wanashusha hema. Hema lao ni jeusi, nao wanalifuma wenyewe kwa manyoya ya mbuzi. Manyoya hayo yakilowa yanavimba, nafasi kati ya nyuzi zinaziba, na mvua haipiti. Wakati wa jua linapitisha hewa. Nadhani hakuna fundi wa mjini aliyewafundisha hayo.

Na watoto je? Mtoto mchanga anabebwa na mama yake mgongoni. Wa miaka miwili mitatu anapandishwa juu ya punda au ngamia, katikati ya matandiko, akafungwa kamba asianguke. Mara nyingi hayuko peke yake. Hapo hapo wanawekwa kuku, na wanakondoo waliozaliwa juzi ambao miguu yao bado haina nguvu. Mtoto na mwanakondoo wanapashana joto asubuhi yenye baridi. Mtoto aliyekua kidogo hapandi tena. Anatembea, na kazi anayo: anaswaga wanakondoo wasibaki nyuma.

Chakula cha njiani ni kile kisichooza upesi. Wana mkate mwembamba, unaookwa juu ya chuma kipana kwa dakika chache tu. Wana maziwa ya mgando yaliyochemshwa, yakafinyangwa vidonge, yakakaushwa juani mpaka yakawa magumu kama mawe. Vidonge hivyo vinakaa miezi mingi. Ukivilowesha na kuvisaga, una mchuzi wa kumpa mtoto. Maji yanachukuliwa katika viriba vya ngozi.

Hata hivyo hatari zilikuwapo. Jirani zao wa upande wa kaskazini-magharibi, waitwao Wabakhtiari, mwaka 1924 walifuatwa na Wamarekani watatu waliopiga picha za sinema za safari yao. Picha hizo zinaonyesha watu wakivuka mto Karun, wenye maji ya kasi, juu ya vyelezo vilivyoundwa kwa viriba vilivyojazwa pumzi. Kisha wanapanda Zard Kuh, mlima wenye meta zaidi ya 4,200, ambao haupungui sana Mlima Meru wetu. Wanaume wanachimba njia katika theluji. Kina mama wanafuata nyuma, na vitanda vidogo vya watoto vikiwa mgongoni.

Katika miaka ya 1930 mfalme Reza Shah alitaka kukomesha kuhama. Aliwalazimisha wafugaji wakae mahali pamoja. Wanyama wengi sana wakafa, watu wakaugua, umaskini ukaingia. Mwaka 1941 mfalme huyo akaondolewa katika kiti chake, na koo nyingi zikashika njia zao za zamani.

Lakini lilibaki swali moja ambalo halikuwa la uonevu. Mtoto anayehama atasoma wapi? Shule ina kuta, na ukuta hauhami.

Swali hilo lilijibiwa na Mkashkai mwenyewe, Mohammad Bahmanbeigi. Alizaliwa mwaka 1920 katika maisha hayo hayo ya kuhama. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Tehran, na angeweza kukaa mjini akala mshahara wake. Akarudi kwao. Wazo lake lilikuwa fupi: ikiwa mtoto hawezi kukaa na shule, basi shule ihame na mtoto. Katika miaka ya 1950 zikaanza shule za mahema. Hema la shule lilikuwa jeupe, na kati ya mahema meusi ulilitambua kutoka mbali. Siku ya kuhama lilikunjwa, likapakiwa juu ya mnyama pamoja na ubao na vitabu. Walipotua, likasimamishwa tena.

Na walimu? Hapa ndipo naona akili kubwa zaidi. Mwalimu wa mjini hakuyaweza maisha ya kutembea na mbuzi na kulala chini. Kwa hiyo mwaka 1957 kilifunguliwa chuo Shiraz cha kufundisha vijana wa wafugaji wenyewe wawe walimu. Walirudi kufundisha watu wao, wakihama pamoja nao. Baadaye wasichana pia wakawa walimu. Kazi haikuwa nyepesi. Nyumbani watoto wa Kikashkai wanasema lugha yao, iliyo jamaa ya Kituruki, na shuleni wakajifunza kusoma Kiajemi, ambacho huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wewe uliyejifunza kusoma Kiswahili huku nyumbani unasema Kisukuma au Kigogo unaielewa kazi hiyo. Mwaka 1973 UNESCO ilimpa Bahmanbeigi tuzo ya kisomo. Tena Siku ya Kisomo Duniani, ile ya tarehe 8 Septemba, asili yake ni Iran. Tarehe hiyo mwaka 1965 mawaziri wa elimu wa nchi nyingi walianza mkutano wao Tehran kuhusu kufuta ujinga wa kutojua kusoma.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 Bahmanbeigi aliondolewa kazini. Alifariki mwaka 2010. Wafugaji wanaohama bado wapo: hesabu ya mwaka 2008 ilipata watu karibu milioni 1.2 katika Iran nzima. Lakini wengi sasa wanapakia kondoo katika malori, na safari ya wiki kadhaa inakwisha kwa siku moja au mbili. Ukame umepunguza malisho. Shule za mahema zipo, na katika nyingine mwalimu mmoja anafundisha madarasa yote pamoja, watoto wachache wa kila darasa.

Familia nyingine zimegawanyika. Mama anabaki mjini na watoto wanaosoma, katika nyumba ya kupanga, na baba anapanda mlimani na kundi. Shule zikifungwa, watoto wanamfuata baba yao kwa gari.