Kigae cha Kusokotea Uzi

Usikidharau kigae. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, kaskazini ya kwetu Ndanda, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1960 vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Kwa hivyo wazee walisokotea pamba. Kijiti hutiwa tunduni, kikazungushwa kwa vidole; uzito wa kigae hukiendeleza kuzunguka, na pamba ikivutwa hupotwa ikawa uzi. Wachina wa kale nao walianza kwa chombo kama hicho, cha udongo au jiwe, kisha wakabuni gurudumu la kukizungusha kwa kasi zaidi. Kwetu pwani, katika karne ya 19, nguo ya merikani iliyoletwa na merikebu iliipunguza kazi hiyo.

Lakini funzo lake halikuchakaa. Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ametukanya tusivunje viapo, tukafanana na mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Kusokota ni kazi ya siku nyingi. Kufumua ni ya mara moja. Basi ahadi ya mume kwa mkewe, ya mzazi kwa mwanawe na ya jirani kwa jirani, tuzitunze kama uzi huo.