Liwali Mwenye Kuomba Ruhusa

Wasomaji wa Biblia wanamjua liwali wa Kirumi kwa sura moja: Pilato yuko kwenye kiti cha hukumu, analetewa maji, ananawa mikono. Lakini Pilato hakuwa wa tabaka la juu kabisa. Majimbo makubwa yalishikwa na maseneta, mabwana wenye mashamba, ambao sheria haikuwapa nafasi katika seneti mpaka wawe na mali ya sesterti 1,000,000. Mmoja wao alituachia barua zake, na ndani yake tunamwona bwana mkubwa akiwa kazini. Ni Plinius Mdogo wa Como, kaskazini mwa Italia; si mjomba wake, yule aliyekufa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79.

Karibu mwaka 110, Kaisari Trajan alimtuma Bithinia na Ponto, pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo. Ndiko uliko­andikiwa, pamoja na majirani zake, Waraka wa Kwanza wa Petro. Desturi ilikuwa maseneta wapigiwe kura, na aliyeangukiwa na jimbo hilo alishike kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja unamtosha mtu mwenye tamaa. Wawili waliomtangulia walishtakiwa huko Roma kwa kuwanyang’anya wananchi mali, na wakili wao wote wawili alikuwa Plinius mwenyewe. Kaisari alijua kuchagua: aliyewatetea watuhumiwa wa ulaji anajua sufuria hufichwa wapi.

Liwali hakusafiri peke yake. Alikwenda na rafiki zake, ambao ndio wangekuwa baraza lake la ushauri, na makarani, na watumwa, na watumwa walioachwa huru. Kuhusu mke kulikuwa na mabishano ya zamani. Mwaka 21 seneta mmoja alitaka maliwali wakatazwe kufuatana na wake zao, kwa madai kwamba wanawake huleta anasa na kujiingiza katika utawala, wenzake wakamkatalia. Plinius alikuwa na Calpurnia, mke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na kila walipotengana Plinius alimwandikia barua za kijana aliyependa juzi.

Safari ilimchosha. Joto la barabarani lilimtia homa, akalala katika mji wa Pergamum. Akapanda vyombo vidogo vya pwani, pepo za mbisho zikamchelewesha. Alifika jimboni tarehe 17 Septemba, siku moja kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, akaona ni fali njema. Kalenda ya liwali ilizunguka juu ya siku kama hizo. Tarehe 3 Januari askari na raia walimwekea Kaisari nadhiri za kumwombea salama. Tarehe 28 Januari waliadhimisha siku aliyoanza kutawala. Kila mara barua ilikwenda Roma, na kila mara jibu lilikuja, fupi: nimefurahi.

Nyumbani Italia bwana huyu alikuwa mtu wa mashairi na majumba ya kupumzikia, mtu wa kwenda kuwinda na vibao vya kuandikia, akakaa kando ya nyavu akitunga. Huku jimboni tunamkuta kwenye vitabu vya hesabu. Watu wa mji wa Nicomedia walikuwa wametumia sesterti 3,318,000 kwa mfereji wa maji, wakauacha haujaisha, ukabomolewa; wakaanza mwingine, nao ukaachwa. Nicaea walijenga ukumbi wa michezo kwa zaidi ya sesterti 10,000,000, kuta zikapasuka kabla ya kumalizika. Byzantium walimlipa mjumbe sesterti 12,000 kila mwaka apeleke salamu kwa Kaisari. Plinius akaamua salamu ziende kwa maandishi tu. Trajan hakununa hata kidogo.

Ila angalia adabu ya barua zenyewe. Huyu alikuwa amekwisha kuwa konsuli mwaka 100, na jimboni watu walisimama akipita. Lakini katika barua zake anamwita Trajan “Bwana”. Anauliza juu ya hamamu, mtaro wa uchafu, makaburi. Nicomedia ilipoungua, watu wakiwa wamesimama wanatazama, hapakuwa na ndoo wala bomba la kuzimia moto. Akaomba aunde kikosi cha mafundi 150, akiahidi kuwachunga. Kaisari akakataa: kundi lolote, hata la wazima moto, hugeuka chama cha siasa. Kwa Wakristo hakungoja kuuliza. Waliong’ang’ania imani aliamuru wauawe, akawatesa vijakazi wawili waliokuwa na huduma kanisani, ndipo akaomba mwongozo. Aliyechelewesha kikosi cha moto kwa barua hakuchelewesha upanga.

Wasafiri wa serikali walipewa farasi na magari kwa hati ya Kaisari, na hati iliyopita tarehe yake haikutumika. Plinius alilijua hilo, maana aliwahi kuliuliza. Kisha babu yake Calpurnia akafariki, na Calpurnia akataka kwenda kumpa pole shangazi yake. Plinius akampa hati bila kungoja ruhusa, halafu akakaa kuandika: nilihofu kwamba nikingoja, rambirambi itafika imepoa. Trajan akamjibu kwamba amefanya vyema. Barua zao tulizo nazo zinaishia hapo.