Kuzima Kishindo cha Mvua Juu ya Bati

Katika nyanda za juu za Njombe, mvua huanza takriban mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Huko Kitandililo, karibu na Makambako, kama ilivyo kwingi nchini, paa la bati ni jambo la kawaida. Mvua kubwa inyeshapo juu ya darasa lisilo na dari, sauti ya mwalimu humezwa na somo husimama.

Je, kishindo hicho hutokana na nini? Kila tone hulipiga bati kama fimbo ipigavyo ngoma. Bati lina unene usiofikia nusu milimita, nalo halina uwezo mkubwa wa kuuzima mtetemo wake lenyewe. Basi huendelea kutetema na kuisukuma hewa ya darasani.

Dawa mojawapo ni kulipaka bati kitu kigeuzacho nishati ya mtetemo kuwa joto. Rangi ya kawaida haitoshi, kwa kuwa utando wake ni mwembamba mno. Mwaka 1952 Hermann Oberst wa Ujerumani alionyesha kwamba nguvu ya tabaka la namna hiyo hutegemea sana unene na ukakamavu wake. Wala si kila kitu chenye kunyumbuka kinafaa: mpira udundao vizuri hurudisha sehemu kubwa ya nishati uliyopokea. Kitakiwacho ni kitu kinyumbukacho na kunata kwa pamoja, mfano wa lami.

Hata hivyo, lami hutawaliwa na halijoto. Asubuhi ya baridi huwa ngumu na huweza kupasuka. Bati likichomwa na jua la mchana, hulegea na kutiririka. Tena huwaka moto, na ikipakwa upande wa juu huweza kuyachafua maji ya mvua yanayokingwa kwa kunywa.

Kwa shule, basi, yafaa zaidi mabati yaliyogandishwa changarawe, ambayo ni mazito na hupunguza pigo la tone. Dari nayo, ingawa haiuzimi mtetemo wa bati, huizuia sauti isishuke, mradi kingo zake zizibwe vema.

Wanafunzi wanaweza kufanya jaribio. Ning'iniza mfuniko wa sufuria kwa uzi, ugonge kwa kijiko, na uhesabu sekunde hadi mlio ukome. Kisha bandika udongo mbichi wa mfinyanzi upande mmoja, ugonge tena, na ulinganishe. Ongeza unene wa udongo kidogo kidogo, na uandike matokeo katika jedwali.