Dawa ya Kupaka na Maradhi ya Utumbo



Mwishoni mwa Rajabu, mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baina ya Magharibi na Isha. Binti yake alikuwa akiharisha kwa siku nne, mara saba au nane kwa siku, na tumbo likimsokota. "Maalim, mtoto hajala kitu kibaya," alisema. "Sote tumekula sinia moja." Nasi, kwa mazoea ya kuulizwa kila jambo, tulimshauri anunue vidonge vya kufunga tumbo. Hilo lilikuwa kosa letu, na ndilo lililotushikisha kalamu.

Daktari alipomwona binti, alianza kwa kuuliza: ametumia antibiotiki yoyote katika wiki hizi? Mama akakana. Binti mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba kwa muda wa wiki sita alikuwa akijipaka usoni klindamaisini kwa ajili ya chunusi, asubuhi na jioni. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyeihesabu kuwa ni dawa. Chupa yake ilikaa pamoja na wanja na mafuta ya nazi.

Huenda sisi watu wa chuoni tuna sehemu yetu ya lawama. Katika fiqhi ya Imamu Shafi, tuliyosomeshwa na tunayoisomesha, mafuta yanayopakwa juu ya ngozi hayabatilishi saumu. Wengi wakafahamu kwamba kinachopakwa hakiingii mwilini. La hasha! Mafakihi hawakusema hivyo. Walisema kwamba kinachopenya kwa vinyweleo hakikuingia kwa tundu lililo wazi. Hiyo ni hukumu ya saumu, wala haikuwekwa kuwa kipimo cha tiba.

Klindamaisini ikipakwa, sehemu ndogo mno hupenya hadi kwenye damu, na walio wengi hawapati dhara lolote. Lakini utumbo mpana ni mji wa bakteria wengi, na wale wema huwazuia waovu wasitawale. Antibiotiki ikiwapunguza walinzi hao, bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi, akastawi na kumwaga sumu inayojeruhi ukuta wa utumbo. Ndipo huja kuhara maji, maumivu, homa, na pengine damu. Klindamaisini ya kumeza ilikwisha kushukiwa kwa balaa hili, na mnamo 1978 watafiti wa Marekani wakambaini bakteria huyo kuwa ndiye chanzo. Kwa dawa ya kupaka jambo hili ni nadra sana, lakini limetokea na kuandikwa na matabibu.

Sasa turudi kwenye ushauri wetu mbovu. Utumbo ukizuiwa kwa vidonge, sumu hubaki ndani na maradhi yaweza kuzidi. Apatwaye na kuhara kukali ilhali anatumia dawa hiyo, na aiache, anywe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, na aende hospitali upesi, akitaja kila anachokipaka. Kuhara kwaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dawa kuachwa, kwa hiyo na iliyokwisha nayo itajwe. Aliyewahi kuugua uvimbe wa utumbo mpana asiiguse klindamaisini kabla ya kumweleza daktari hali yake.

Na kwa wanaomuuguza: mbegu za bakteria huyu hazifi kwa vile vitakasa mikono vya spiriti tulivyovizoea tangu siku za korona. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na choo kisafishwe kwa dawa ya klorini.

Binti alipewa dawa ya kumeza ya kumpambana na bakteria huyo, na alhamdulillahi amepona. Tulipokwenda kumtaka radhi mama yake, alitutolea karatasi iliyokuwa ndani ya kisanduku cha ile chupa, bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Tuliikunjua, tukavaa miwani. Onyo la kuhara lilikuwamo, kwa herufi ndogo kuliko i'rabu za msahafu wa mfukoni.